Robo Saa ya Papa Prezida

Sijui alizaliwa wapi, wala sikuwahi kumuuliza. Kwetu sote alikuwa Papa Prezida, na hata mkewe alimwita hivyo anapomwitia chakula. Prezida wa nini? Wa Kamati ya Maandalizi ya Safari ya Scotland. Safari yenyewe ilikuwa haijafanyika. Maandalizi yalikuwa na umri wa miaka minne, na afya yao ilikuwa nzuri kuliko ya wengi wetu tuliokuwa tukiandaa.

Nieleze kwanza tulitaka nini huko, maana mtu akisikia Wakongo wa Brussels wanapanga kwenda kwenye mji wa kale wa pwani, kule kwenye baridi inayoizidi hii yetu, atadhani tumerogwa. Huko aliishi Mademoiselle. Alikuwa mkunga wa misheni kwetu Kivu, na watoto waliopita mikononi mwake hawahesabiki. Mimi ni mmoja wao. Mama yangu alikaa siku mbili katika uchungu, wanawake wa nje wakaanza kunong'ona yale wanayonong'ona, ndipo yule mwanamke wa Kizungu akavua viatu, akapanda kitandani na kunitoa. Mama huisimulia hadithi hii kila mwaka, na kila mwaka hulia akifika kwenye viatu. Baadaye vita vikatutawanya. Mademoiselle akazeeka akarudi kwao Saint Andrews, na habari zikatufikia kwamba yuko katika nyumba ya wazee, amepita miaka tisini.

Mama alitaka jambo moja tu. Amwone, amfunge kikwembe, yaani kitenge, kipya kiunoni, amwambie aksanti kwa mdomo wake kabla mmoja wao hajatangulia. Magoti ya Mama yalikuwa yameshaanza kumkatalia. Ndiyo maana kila Papa Prezida alipoahirisha jambo, mimi nilihesabu wiki.

Tulikutana kila Jumapili baada ya ibada, katika ukumbi ulio chini ya majengo ya ghorofa huko Berchem-Sainte-Agathe. Papa Prezida alifika wa kwanza, tai shingoni, na kengele ndogo ya shaba mfukoni. Mkutano wa saa nane ulianza saa nane, hata kama alikuwa peke yake ukumbini. Niliwahi kumkuta anazungumza na viti. Alikuwa amefika kwenye hoja ya tatu, na viti havikuwa na pingamizi.

Kila mtu alikuwa na cheo. Mimi nilikuwa secrétaire adjointe, katibu msaidizi, kazi yangu ikiwa kumnolea katibu penseli, na katibu ni yeye mwenyewe Papa Prezida, kwa sababu hakumwamini mtu mwingine na PV. PV ni kumbukumbu za mkutano, na zake, jamani! Ukipiga chafya, iliandikwa. Ilikuwamo kwamba chai ilikuwa baridi, kwamba mvua inanyesha Berchem, kwamba binti wa Papa Conseiller, mshauri wetu, amejifungua pacha na wa pili ndiye mkubwa zaidi. Nilimwuliza siku moja pacha wanahusiana vipi na tiketi za treni.

"Wewe ulikomalia kwa waTanzania," akaniambia. Ni kweli, ukimbizi wangu niliuishi Kigoma, na Kiswahili changu kimewakera tangu siku ya kwanza. "Kule batu banakimbiaka. Siye tuko batu ba ordre. Kama haiko mu PV, haikufanyika."

"Na safari, Papa Prezida? Iko mu PV miaka minne."

"Donc itafanyika," akasema, akagonga kengele.

Halafu kulikuwa na robo saa yake. Saa kumi kamili, hata mtu akiwa katikati ya neno, kengele ililia. "Suspension! Robo saa!" Akabeba daftari la PV, akatoka hadi kwenye ngazi, akafunga mlango. Baada ya robo saa alirudi ametulia na kuuliza tumefikia wapi. Tulikisia sana kuhusu robo saa ile. Wengine walisema anavuta sigara, wengine sindano ya sukari. Maman Trésorière, mweka hazina wetu, ambaye ulimi wake hauna breki, alisema wazi kwamba mzee ana deuxième bureau, mwanamke wa pembeni, na ndiyo saa anayompigia simu.

"Na daftari je?" nikamwuliza.

"Anamusomea PV," akasema, na tukacheka mpaka kikombe kikavunjika. Hata kikombe kile kiliandikwa.

Msidhani mikutano haikuwa na mambo. Mabishano ya jina la mji peke yake yalitumaliza miezi miwili. Sisi ni Waprotestanti, na Papa Conseiller aligoma kutia sahihi karatasi yenye neno "Saint", yaani "Mtakatifu". Ikaundwa commission, yaani tume. Commission ikarudi na jibu kwamba Andrea alikuwa mvuvi na mtume, hizo kazi mbili zinatosha, na tangu siku ile makaratasi yetu yote yakaandikwa "mji wa Andrea". Ungemwonyesha mkata tiketi karatasi hiyo, angekupeleka unakojua wewe.

Kisha ikaja golf. Mji ule unasifika duniani kwa golf, na ndugu zetu wa Katanga walitaka siku nzima ya programu iende huko. "Kwetu L'shi tuko na golf tangu ya kitambo," alisema mmoja wao kuhusu mji wao mkuu, kana kwamba babake ndiye aliyechimba vishimo. Watu wa Kivu wakauliza kama ni mchezo kweli, maana unapiga kampira halafu unakafuata mwenyewe kwa miguu. Kwetu hiyo huitwa kuchunga. Nusura watu wavutane mashati. Papa Prezida akaandika yote.

Lakini siku ya siku ilikuwa ile ya kanisa kuu la mji ule. Mmoja wetu alileta picha aliyoichapa: kuta ndefu za mawe juu ya bahari, minara miwili imesimama, na juu yake mbingu tupu. Maman Trésorière akavaa miwani.

"Eh Yezu wangu. Nyumba ya Mungu haina mabati?"

Nikaeleza kwamba ni magofu, ya karne na karne, na watu huenda kuyatazama yakiwa hivyo hivyo. Sikumaliza. Mama mmoja alikuwa ameshasimama. Sisi tuliojenga makanisa kwa miti na udongo tukayaezeka, akasema, tutapita mbele ya Wazungu hawa waliokosa mabati, tupige picha, turudi? Mikono mitupu? Watu wakapiga makofi. Hoja ya mabati ikapita kwa kura zote isipokuwa yangu, na ikaandikwa barua rasmi kwa mchungaji wa kanisa hilo, kumpa pole na kumwuliza vipimo. Nilijua kwamba mchungaji wa mwisho pale ana miaka mamia kaburini. Papa Prezida naye alijua, nilimwona usoni. Akaigonga mhuri ile barua, pa!

"Tungoje jibu," akasema. "Hatuwezi enda mbele ya jibu."

Hapo ndipo nilipoanza kumchukia kidogo.

Kidogo tu, kwa sababu mtu yule alikuwa na pande mbili, na upande wa pili haukugonga kengele. Siku za kazi alisukuma vigari vya mashuka katika nyumba ya wazee upande mwingine wa mji. Hakulisema hilo kwa yeyote. Nililijua kwa sababu nilimwona kwenye tramu asubuhi, tai juu ya sare ya buluu, na jina la nyumba ile kifuani kalifunika nusu kwa gazeti. Lifti ya jengo letu ilipokufa, ni yeye aliyekuja na kiti cha magurudumu kutoka sijui wapi, akamshusha Mama ghorofa tatu nyumanyuma, ngazi moja moja, akimwambia kila ngazi namba yake. Ilikuwa ni kwa ajili ya daktari wa macho tu. Alimngoja, akampandisha tena, akakataa chai.

Na msemo wake mmoja ulikuwa huu: "Muntu haingiake kwa muntu kama mvua." Kwetu huendi kwa mkubwa bila kutangazwa. Mtu mmoja hutangulia, hubisha hodi, huuliza hali ya nyumba, kama kuna ugonjwa, kama kuna kilio, hurudi na kusema njooni au ngojeni. Basi katika kila PV ilikuwamo hoja ya "délégation ya kutangaza", na mbele yake neno moja: inaendelea. Miaka minne inaendelea! Hakuna aliyeuliza nani anakwenda. Na Jumapili pekee ambayo Papa Prezida alikosa katika miaka yote hiyo ilikuwa ya mwaka wa kwanza, tukaambiwa ana mafua. Wiki iliyofuata alirudi midomo imepasuka kwa upepo, na mhuri wa kamati akauweka ndani ya kopo jipya la biskuti lenye picha ya minara miwili. Nilimwuliza kalitoa wapi. "Solde," akasema, vitu vya bei ya kutupa. Mimi na akili zangu zote nikaridhika.

Masika ya mwaka jana Mama alianguka jikoni. Hakuvunjika, lakini alipoinuka hakuwa yule wa jana. Jumapili hiyo, saa kumi ikikaribia, nilisimama katikati ya hoja.

"Papa Prezida, tunaenda lini? Mama yangu hana wiki za kuchezea."

"On note," akasema, akaandika.

"Usiandike! Jibu!"

"Mutoto yangu, tulia. Kuko mambo hayajaiva."

Nikalipuka. Nilimwambia kwamba yeye si prezida wa chochote, ni msukuma mashuka aliyepata kengele. Nilisema safari ikifanyika atabaki mtu wa bure, ndiyo maana anaitia breki, na Mama akifa kabla ya kumwona Mademoiselle, PV ya msiba aje aisome yeye. Mama aliinamisha uso. Papa Prezida alitazama saa, ilikuwa saa kumi. Akagonga kengele polepole, akachukua daftari, akatoka.

Kesho yake nilipiga simu mwenyewe. Nasuka nywele katika Galerie d'Ixelles, na nilimwacha mteja na nusu ya kichwa ili niongee na nyumba ya wazee ya Mademoiselle kwa Kiingereza changu cha Kigoma. Nikasema natoka Brussels, namtafuta fulani, zamani nesi Kongo. Mwanamke wa upande wa pili akafurahi sana.

"Brussels! Wewe ni wa yule bwana wa Jumapili?"

"Bwana gani?"

Akashangaa kwamba simjui. Hupiga kila Jumapili saa tisa kamili, saa zao, na saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa moja. Huwa wanaishika simu sikioni mwa bibi, naye bwana anamsomea kitu kirefu kwa lugha wasiyoijua. Bibi hamtambui mtu tena, hata mpwa wake. Siku nyingine hulia na kukataa chakula. Jumapili hutulia, hutikisa kichwa, na bwana akinyamaza humwambia neno moja. Yule mwanamke akajaribu kulitamka, na likaja limepinda, lakini nikalijua. Endelea.

Aliwahi kuja mara moja pia, miaka minne iliyopita, amevaa tai, na maua mkononi. Bibi alipomwona mlangoni alipiga kelele za hofu na kujificha chini ya blanketi. Bwana akatoka. Akasimama nyuma ya mlango, asionekane, akaanza kusema kwa lugha ile, na kelele zikakoma. Alisimama pale mchana mzima, anazungumza na mlango. Alipoaga aliomba namba ya simu, na akawauliza kama anaweza kuleta watu ishirini. Wakamwambia hapana, kwa huruma, hapana.

Nilirudi kwenye kichwa cha mteja na sikuona tena mstari wa nywele uko wapi. Kwa hiyo ndiyo maana ya pacha na mvua ya Berchem. Bila mkutano hakuna PV, na bila PV hana la kumsomea. Mabati, golf, Andrea asiye mtakatifu, vyote vilikwenda sikioni mwa yule bibi. Nililia, halafu nikakasirika upya, maana alituficha. Alimwacha Mama angoje miaka minne mlango ambao yeye alishaujua umefungwa. Huruma ya namna hiyo ni wizi pia, na ningali nasema hivyo.

Nilimwambia Mama kila kitu, nikitegemea atavunjika. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto.

"Yeye anisahabu, ni uzee. Mimi sijamusahabu. Kukumbuka ni kazi yangu, haiko yake."

Tukaenda wawili tu, bila kamati. Mama alibisha hodi, akabaki nyuma ya mlango, akazungumza kwanza. Habari ya kule, mama? Tumefika, ni siye. Baada ya muda mrefu nikafungua. Mademoiselle alikuwa kitandani, mdogo mno, uso kwenye dirisha, na nje bahari ya kijivu. Hakugeuka. Mama alivua viatu vyake, akavipanga, akapanda kitandani kwa magoti yale mabovu, akamfunga kikwembe juu ya gauni la kulalia. Akamwambia aksanti. Akaisema mara tatu, kwa jina langu, kwa jina la babangu, kwa jina lake mwenyewe. Mademoiselle akaushika ule mkono uliokuwa ukifunga fundo, akauchunguza, kisha akasema kwa Kiswahili kisafi cha Kivu:

"Na divers?"

Ndiyo hoja ya mwisho ya kila PV, mambo mengineyo. Mimi nilitoka nje kwa kicheko na machozi, sijui kipi kilitangulia. Mama, ambaye kwa miaka minne hakuwahi kufungua mdomo mkutanoni, alimpa divers za saa nzima. Kurudi tulipita kwenye magofu. Mama aliyatazama sana, akakiri kwamba kweli, mabati walikosa.

Safari yetu iliua kamati. Watu walisema kumbe inawezekana kwenda bila commission, na Jumapili kwa Jumapili ukumbi ukapungua, mpaka Papa Prezida akabaki na viti. Sikwenda kumwona. Niliona aibu, na hasira ilikuwa bado imo humo humo ndani ya aibu, nikaacha miezi ipite. Kisha nikasikia kafanyiwa operesheni ya koo.

Mkewe ndiye aliyenipigia. "Papa Prezida anakuita. Jumapili, saa tisa na nusu. Usichelewe."

Nilimkuta kwenye kiti karibu na dirisha, bandeji shingoni, na juu ya bandeji, naapa, tai. Sauti haikuwapo hata ya kunong'ona. Nilikuwa nimejiandalia maneno tangu kwenye basi, mengine ya kuomba radhi na mengine ya kugomba. Nikamwambia tu kwamba tulimwona, na kwamba aliulizia divers. Alicheka bila sauti mpaka mkewe akamkataza kwa ajili ya mishono.

Saa kumi alitoa kengele kwenye kopo la biskuti, akaigonga. Akabonyeza namba kwenye simu, akaniwekea mkononi pamoja na daftari lililofunguliwa. Ukurasa ulikuwa umejaa mwandiko wake, na tarehe ilikuwa ya siku ile. Hapakuwa na mkutano siku ile. Nikafunua nyuma, Jumapili baada ya Jumapili, tangu kamati ilipokufa. Mikutano yote hiyo alikuwa ameitunga.

Upande wa pili sauti ya yule mwanamke ikasema bibi yuko tayari. Nikaanza kusoma. Mvua inanyesha Berchem. Pacha wa binti ya Papa Conseiller wanaota meno, wa pili ametangulia. Jibu la mchungaji limefika na vipimo vya paa vimepokelewa kwa shangwe. Hoja ya nne: secrétaire adjointe alisimama, akaomba musamaha mbele ya wote kwa maneno aliyosema. Kamati ilimusamehe kwa kura zote.

Nikasimamisha kidole kwenye mstari ule. Papa Prezida alikuwa anatazama nje dirishani, ananyoosha tai yake.

"Endelea," ikasema simu.

Nikairudia hoja ya nne tangu mwanzo, polepole, na mara hii nilikuwa namtazama yeye.